Andika ulichokifanya kwa mikono yako: CV ya kutafutia kazi Unguja na Pemba

Kwa miaka minne nilikuwa nikichapa CV za watu kwenye steshenari moja pale Mwanakwerekwe. Baadaye nikapata kazi katika afisi ya utumishi ya hoteli moja upande wa Kiwengwa, na huko nikaanza kuzipokea karatasi zile zile nilizokuwa nikizichapa. Kwenye kompyuta ya steshenari mlikuwa na sampuli moja. Mtu akija tunaifungua, tunafuta jina lililomo, tunaweka lake, tunabadilisha skuli na mwaka wa kuzaliwa, tunamchapia, analipa, anakwenda zake. Mwezi wa Mei, mwaka wangu wa kwanza pale hotelini, nilikuwa na maombi yapata mia mbili mezani, na zaidi ya thelathini yalikuwa na aya ile ile ya Kiingereza juu, neno kwa neno, pamoja na kosa la herufi. Lile kosa nalijua, kwa sababu nililiandika mimi.

Liliniuma. Ndani ya wale thelathini walikuwamo vijana wazuri, na sikuwa na njia ya kuwajua. Tangu hapo kila anayenijia nyumbani na CV namkalisha kitako kwanza, namuuliza maswali, ndipo tunaandika.

Mwaka juzi alinijia kijana wa Micheweni, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Amemaliza kidato cha nne, yuko Unguja mwaka wa tatu, anakaa kwa ami yake na kumsaidia dukani Mlandege. Alikuwa ameshapeleka CV hoteli kumi na moja na hajaitwa hata na moja. Nikaisoma: jina la baba, jina la mama, dini, kabila, hali ya ndoa, urefu, skuli zote tangu ya msingi, na penye uzoefu wa kazi pameandikwa "hakuna". Chini yake, anapenda mpira na kusoma vitabu.

Nikamuuliza, "Mwanangu, asubuhi ukiamka unafanya nini?"

"Nafungua duka."

"Halafu?"

"Hamna, Bi. Nauza tu."

Hiyo "nauza tu" ndiyo iliyokuwa ikimnyima kazi. Tulikaa saa nzima mpaka yakatoka yote. Kumbe mzigo wa jumla unaingia Jumatatu na Alkhamisi, na anayeupokea ni yeye. Anahesabu katoni mlangoni, analinganisha na risiti, kilichopungua anakiandika na dereva anatia saini kabla gari halijaondoka. Duka lina bidhaa aina mia na ishirini na kitu, na kila Ijumaa baada ya Sala anazihesabu zote na kuandika kwenye daftari la stoo. Zinazokaribia kuisha muda anazitanguliza mbele ya rafu. Wateja wa mkopo wapo arubaini, madeni yao yamo katika daftari jengine. Na ami yake akisafiri kwenda Dar, funguo na fedha za mauzo zinabaki kwake.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya stoo, na kila hoteli ya pwani ina stoo. Tukafuta "hakuna", tukaandika hivi:

"Msaidizi wa duka na mtunza stoo, duka la jumla na rejareja, Mlandege, 2022 hadi sasa. Napokea mzigo mara mbili kwa wiki na kuuhakiki na risiti kabla ya kutia saini. Natunza daftari la stoo la bidhaa zaidi ya 120 na kuzihesabu zote kila wiki. Napanga bidhaa kwa tarehe ya kuisha muda ili cha zamani kitoke kwanza. Naachiwa funguo na fedha za mauzo mwenye duka anapokuwa safarini."

Hakuna neno la uongo hapo, wala hakuna sifa. Hajasema yeye ni mwaminifu, lakini aliyeachiwa funguo na fedha anajulikana ni mtu wa namna gani. Hajasema anajituma, amesema mara mbili kwa wiki, kila wiki, zaidi ya 120. Mkuu wa stoo akisoma mistari hiyo anamuona mtu mwenye kazi yake. Basi na wewe kaa na mtu anayekuuliza "halafu?" mpaka uchoke, na kila kinachotoka kiandike kwa kitenzi na, kama ipo, kwa tarakimu.

Nawasikia wasichana wakisema wao hawana hata duka. Dada yangu, umesomesha madrasa watoto thelathini na tano kwa miaka miwili, hiyo ni kazi, na mwenye kutafuta mlezi wa watoto wa wageni ataisoma mara mbili. Umesimamia chungu cha arusi ya watu mia tatu, iandike, useme ulipika nini na ulikuwa na wasaidizi wangapi. Umekuwa katibu wa kikundi cha mwani Paje au Bwejuu, ukawa unapima kilo na kugawa malipo, iandike pia. Na uliyesoma, fildi yako usiifiche katika mstari mmoja wa "nilifanya fildi". Taja idara, wiki ngapi, na ulichokabidhiwa. Nimeona wanafunzi wa utalii wa Maruhubi wakiandika majina ya masomo yote waliyosoma, halafu wiki nane walizokaa mapokezi wakiingiza wageni kwenye kompyuta hawazitaji.

Kinachotoka na kinachobaki

Dini, kabila, hali ya ndoa, urefu na majina ya wazazi toa. Nambari ya Zan ID usiiandike kwenye karatasi inayopita mikono mingi. Ukiitwa utaombwa kitambulisho chenyewe. Unapokaa andika kwa kifupi, Fuoni au Mfenesini inatosha, na hili lina faida kwa sababu hoteli nyingi zina gari la wafanyakazi na tunatazama kama njia yake inapita kwako. Skuli ya msingi haina haja. Elimu ianze na ya mwisho kurudi nyuma, na cheti cha mafunzo ya amali, kiwe cha Vitongoji, Mkokotoni au Mwanakwerekwe, kikae juu ya cheti cha kidato cha nne kama kazi unayoomba ni ya ufundi. Ukurasa mmoja unamtosha kijana. Miwili ni kwa mtu wa miaka mingi kazini.

Lugha ndipo watu wanapojiumiza. Kwetu Kiwengwa wageni wengi ni Wataliano, na kila CV ina "Kitaliano: kizuri". Meneja akimuita mtu huyo anaanza kumsemesha Kitaliano tangu mlangoni, na hapo wengi huinamisha macho. Andika unachoweza kukifanya kwa lugha hiyo: "Nampokea mgeni, namuelekeza chumba na kuchukua oda ya chakula, kuandika bado najifunza." Huyu tunamuita, kwa sababu tunajua tutamuweka wapi.

CV ya hoteli iandike kwa Kiingereza, kwani mkuu wa idara mara nyingi hajui Kiswahili cha kusoma. Lakini kila sentensi iliyomo uweze kuisema kwa mdomo wako mwenyewe. Sentensi fupi iliyo yako ni bora kuliko ndefu uliyoazima, maana kwenye usaili utaulizwa juu ya hiyo hiyo.

Wadhamini waulize kwanza. Nimempigia mtu aliyeandikwa kuwa mdhamini, akanambia, "Nani huyo?" Yule kijana wa Micheweni alikuwa amemuweka ami yake. Nikamwambia ami mwache, muweke tajiri wa jumla anayekuleteeni mzigo, ambaye si jamaa yako na ameona saini zako kwa miaka mitatu. Tajiri alikubali palepale, tena kwa furaha.

Simu

Hapa nataka usome polepole. Kuna msichana wa Wete niliyempigia mara tatu kwa siku mbili. CV yake ilikuwa nzuri, nafasi ya kufua na kupiga pasi ilikuwa wazi, na meneja alitaka mtu aanze wiki ile. Nambari haipatikani. Aliyeomba alikuwa ameandika nambari ya kaka yake, na kaka yake alikuwa dagoni na wavuvi wenzake, hakuna mtandao. Siku ya tatu nafasi alipewa mwengine. Yule msichana alikuja kunipigia mwenyewe baada ya siku tisa, na sikuwa na la kumwambia.

Andika nambari mbili, ya kwanza iwe iliyo mkononi mwako. Ya pili iwe ya mtu anayekaa mjini na anayejua kwamba unatafuta kazi, umemwambia jina la kila pahala ulipoomba. Ukibadilisha laini, piga simu kote ulikopeleka maombi. Na katika msimu wa kutafuta, nambari usiyoijua ipokee kwa salamu na jina lako.

Kupeleka

Soma tangazo kwa kalamu mkononi, upige mstari chini ya kila kazi iliyotajwa. Halafu tazama CV yako: yale uliyowahi kuyafanya yapandishe juu, na uyaite kwa jina walilolitumia wao. Wakisema mtunza stoo, nawe sema mtunza stoo. Hii maana yake CV ya mapokezi na CV ya jikoni haziwi moja, hata kama mwenye nazo ni mmoja. Barua iwe ya aya tatu, na jina la hoteli ulikague mara mbili. Nimepokea barua nyingi sana zilizoandikiwa jirani zetu.

Kwa barua pepe, tuma CV kwa PDF, na faili liitwe jina lako na kazi unayoomba, lisiitwe "CV mpya ya mwisho 2". Kichwa cha barua pepe kiwe na jina la kazi. Ndani andika mistari mitatu, usiache patupu. Vyeti vyote vitie katika faili moja, vimepigwa skani vimelala sawa. Picha ya simu iliyopinda, kanga ya kitandani inaonekana pembeni, mkuu wa idara haifungui mara ya pili.

Wakati nao una nguvu. Wageni wanajaa kuanzia Juni hadi Oktoba, wakarudi tena Desemba hadi Februari. Katika masika hoteli nyingine hufunga kwa matengenezo, na wengi hudhani hakuna kazi wakakaa nyumbani. Kumbe Aprili na Mei ndiyo miezi tunayopanga watu wa Juni, na Novemba tunapanga wa Desemba. Ukileta maombi Julai umekuta meza imeshajaa. Kama unapeleka kwa mkono, njoo asubuhi katikati ya wiki, usije Ijumaa mchana. Mlinzi wa getini msalimie vizuri na umuulize jina la anayepokea maombi, kisha liandike.

Liandike wapi? Kwenye daftari. Tarehe, hoteli, kazi, uliyemkabidhi, nambari yake, jawabu. Zikipita siku kumi kimya, tuma ujumbe mmoja: "Assalaamu alaykum. Mimi ni fulani, niliwasilisha maombi ya msaidizi wa stoo tarehe 12 Mei. Bado niko tayari, na naweza kuja kwenye usaili siku yoyote. Ahsante." Mmoja unatosha. Mimi binafsi nimewahi kulitoa faili la mtu chini ya rundo kwa sababu ya ujumbe kama huo.

Kazi za serikali zina njia yake. Zinatangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini na maombi yanapita kwenye Zanajira, mfumo wa maombi wa mtandaoni. Huko aliyekosa kiambatisho kimoja kilichotajwa ameshajitoa mwenyewe, basi cheti cha kuzaliwa, Zan ID na vyeti vya masomo viwe tayari kwenye simu au flashi kabla tangazo halijatoka.

Na mtu akikuomba fedha, iwe ya fomu, ya sare, au ya "kumuona mkubwa", usimpe hata shilingi. Miaka yote niliyokaa afisi ya utumishi hatukuwahi kupokea senti ya muombaji. Najua vijana waliouza mbuzi wa nyumbani Pemba kumlipa dalali wa kazi, na kazi yenyewe haikuwepo.

Kijana wa Micheweni alipeleka CV mpya hoteli sita, mwanzoni mwa Mei. Mbili zikamuita. Kwenye ile ya kwanza mkuu wa stoo hakumuuliza la skuli. Alimchukua mlango wa nyuma, lilipokuwa limesimama gari la mboga, akampa risiti na kumwambia apokee mzigo. Kreti za tungule kwenye risiti zilikuwa kumi na tano. Akahesabu kumi na nne, akahesabu tena, kisha akamuomba dereva asiondoke kwanza.