Somo: Namna ya Kuuza Subaru Impreza ya Zamani Iliyoboreshwa na Kukimbizwa Uwanjani

Somo hili linamhusu mwenye Subaru Impreza WRX au STI (matoleo ya Impreza yenye nguvu zaidi) iliyoundwa kati ya 1992 na 2007, iliyobadilishwa shokomzoba, breki, ekzosi na kompyuta ya injini, ikatumika katika siku za kukimbiza magari uwanjani, na ambayo sasa mwenyewe anataka kuiuza hapa Kenya. Wanunuzi wa gari la namna hii ni wachache, wanajuana, na baadhi yao wanaifahamu injini yake, iitwayo EJ20, kuliko fundi wa kawaida. Jambo linalokusaidia ni kwamba Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Impreza za umri huu haziongezeki tena nchini, na iliyotunzwa vizuri ina watu wanaoisubiri.

Hatua ya kwanza: amua kama utauza gari lilivyo au utauza vifaa kando

Uamuzi huu hutangulia yote kwa sababu unagusa pesa moja kwa moja. Shokomzoba za uwanjani ulizonunua kwa shilingi 200,000 hazitaongeza shilingi 200,000 kwenye bei ya gari. Mnunuzi mmoja atazilipia sehemu ndogo tu, na mwingine hatazilipia kabisa kwa kuwa anapendelea za aina nyingine. Ikiwa ulihifadhi vifaa vya awali, virudishe garini, kisha uza rimu, viti vya mashindano na pedi za breki kwa wenye magari kama lako. Kizimba cha vyuma kilichochomelewa ndani ya gari ili kumlinda dereva likipinduka ni jambo tofauti, kwa sababu hakiondoki bila kuumiza bodi. Gari lenye kizimba liuzwe lilivyo, kwa mtu anayelitaka kwa uwanja.

Hatua ya pili: pima injini kabla mnunuzi hajaomba ipimwe

Hapa ndipo biashara nyingi huvunjika, na ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi. Injini ya EJ20, yenye sentimita za ujazo 1,994, ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na udhaifu wake unaojulikana zaidi uwanjani ni kuharibika kwa beringi za konrodi, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na kranki: gari linapokata kona ndefu kwa kasi, oili husukumwa upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu huvuta hewa badala ya oili, na beringi hukosa ulainisho kwa muda mfupi unaotosha kuzila. Udhaifu wa pili ni kuvunjika kwa kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, hasa pale petroli inapolipuka ovyo ndani ya silinda kwa sababu tabo, yaani mtambo unaosukuma hewa ndani ya injini, imeongezwa nguvu bila kompyuta kupangwa upya ipasavyo.

Mpelekee gari fundi anayezijua Subaru, apime kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa moto, kisha apime namna kila silinda inavyohifadhi hewa. Kinachotazamwa si ukubwa wa namba peke yake bali ukaribu wa namba hizo. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, tafuta sababu kwanza. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na idadi ya kilomita. Tafuta pia risiti ya mkanda wa taimingi, na kama huna risiti, badilisha mkanda huo, kwa kuwa ukikatika valvu hugonga pistoni. Usikilize giaboksi vilevile: ile ya gia 5 ya WRX za mwanzo huumia kwa kuondoka kwa nguvu kupita kiasi, ilhali ile ya gia 6 iliyowekwa kwenye STI za GDB (zile za kuanzia 2000) ni imara zaidi. Sikushauri uoshe chumba cha injini kiwe king'aavu siku ya kuonyesha gari, kwa sababu mnunuzi mjuzi atadhani unaficha uvujaji wa oili.

Hatua ya tatu: linganisha gari na logibuku (hati ya usajili wa gari)

Impreza nyingi za umri huu zimebadilishwa injini, na nyingine zimebadilishwa rangi. Namba ya injini, namba ya chasisi na rangi zilizoandikwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zifanane na zilizo kwenye gari. Zisipofanana, omba marekebisho na gari likaguliwe kabla ya kulitangaza. Usiandike "STI" kwa sababu ya nembo na bawa la nyuma. Katika Impreza za sedani za Japani za kuanzia 2000, namba ya chasisi ya STI huanza na GDB, na ya WRX ya kawaida huanza na GDA.

Hatua ya nne: andika tangazo na upange bei

Taja kila kilichobadilishwa, nani alikifunga, lini, na kama kifaa cha awali kipo. Taja na kasoro. Piga picha za chini ya gari na za ndani ya mabawa ya matairi, ambako kutu na alama za ajali huonekana. Bei ianzie kwenye bei ya Impreza ya mwaka huohuo ambayo haijaguswa.

Hatua ya tano: majaribio, malipo na uhamisho

Mnunuzi asiendeshe kabla hujaona leseni yake na kuhakikisha kwamba bima yako inamruhusu. Pesa zipite benki, na umiliki uhamishwe kupitia akaunti yako ya NTSA kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mara tu benki inapothibitisha kwamba zimeingia.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nakuru: Ndugu mwandishi, je, ni lazima niseme gari limekimbizwa uwanjani? Mnunuzi atajuaje?

Jibu: Sema, ndugu yangu, na uandike kwenye mkataba. Atajua kwa diski za breki zilizogeuka buluu kwa joto, kwa mabega ya matairi yaliyolika, na kwa chembe za mpira zilizoganda ndani ya mabawa. Ukikanusha jambo ambalo baadaye linathibitika, umempa msingi wa kudai pesa zake mahakamani. Ukionyesha kwamba ulibadilisha oili baada ya kila siku ya uwanja, mnunuzi wa aina hii ataliona gari lako kuwa bora kuliko lile ambalo mwenyewe hana hata risiti moja.

Mwanachama wa Mombasa: Mnunuzi anataka kulipa nusu, achukue gari, amalizie mwisho wa mwezi.

Jibu: Usikubali, kaka. Sheria ya Trafiki ya Kenya humhesabu mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe. Akigonga mtu kabla ya uhamisho, wewe ndiwe utakayetafutwa kwanza. Pokea amana yake kwa maandishi, na gari libaki kwako.

Mwanachama wa Nairobi: Nipunguze nguvu ya tabo kabla ya kuuza?

Jibu: Ndiyo, ikiwa kompyuta ilipangwa kwa petroli maalumu ya uwanjani. STI za Japani zilikusudiwa petroli ya oktani ya juu ya kwao, yaani isiyolipuka ovyo kwa urahisi, na kwenye mwinuko wa Nairobi, unaozidi mita 1,600, tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia mgandamizo uleule. Mpe mnunuzi gari lililopangwa kwa petroli ya kituo cha kawaida, na umkabidhi faili la mpangilio wa uwanjani pamoja na jina la fundi aliyeliandaa, ili aamue mwenyewe lini alirudishe.