Jinsi ya kununua leithi iliyotumika na kuifikisha Tanga ikiwa nzima

Leithi, mashine inayozungusha chuma ili kichongwe kwa kisu, haifi kwa uzee. Nimefanyia kazi mashine iliyonizidi umri, na ilikuwa inakata vizuri. Kinachoziua nyingi ni siku moja tu, siku ya kuhamishwa. Kwa hiyo kabla hujaanza kuvutana bei na muuzaji, tenga kwanza hela ya winchi, lori na mikanda. Kama haijatosha, subiri.

Mfano wangu ni leithi ya kilo 1,500 hivi, kutoka Dar es Salaam kuja Tanga, kilomita kama 350 kupitia Chalinze na Segera.

Hatua ya 1: Ikague ikiwa inazunguka

Usikubali kuambiwa "nzima hiyo, ila hapa hakuna umeme." Umeme wa fezi tatu utafutwe. Iwashe, pitia mwendo mmoja baada ya mwingine kuanzia wa chini kabisa, huku kiganja kimelala juu ya kichwa cha mashine, upande wenye gia. Ikigonga kwa mpigo ulio sawa, kuna jino la gia limevunjika. Ikisaga, shuku beringi.

Kisha nenda kwenye kitanda, yaani reli ndefu ambazo kigari cha kisu huteleza juu yake, na hapo usiwe na haraka. Kitanda huliwa zaidi karibu na chaki (kile kibanio kinachoshika na kuzungusha kazi) kwa sababu kazi nyingi ni fupi na hufanyikia pale. Sogeza kigari cha kisu hadi karibu na chaki, kaza skrubu zake za kurekebishia mpaka kiwe kizito kidogo, halafu kizungushe kwenda mkiani, ncha ya pili ya kitanda. Kikikwama njiani, ujue upande wa chaki umeliwa. Leithi nyingi ninazokutana nazo huku zilitoka karakana za mashamba ya mkonge, upande wa Muheza na Korogwe, zilikochonga shafti za korona, mashine za kuchakata mkonge, miaka nenda miaka rudi. Unakuta kitanda kizima kinang'aa kama kipya, ila sentimita 30 za mwanzo zimebonyea hadi kucha inahisi ukingo.

Mwisho funga shafti ya unene wa milimita 40, itokeze sentimita 15, kata laini, pima unene wake kwa maikromita ncha zote mbili. Tofauti ya milimita 0.02 naivumilia. Ikifika 0.1, kwanza hakikisha mashine imekaa sawa sakafuni, maana sakafu mbovu nayo hupotosha kipimo. Ikiwa sakafu ni nzuri, bei ishuke sana au uondoke.

Hesabu pia gia za kubadilishia, chaki zote na funguo zake. Kitakachobaki stoo kwa muuzaji, usitegemee kukiona tena.

Hatua ya 2: Karatasi

Kwa mfanyabiashara, dai risiti ya EFD. Kwa mtu binafsi, andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na namba ya mashine iandikwe. Karatasi hizo zisafiri na mzigo.

Hatua ya 3: Ipunguze uzito

Weka ubao juu ya kitanda kabla ya kuvua chaki, ikikuponyoka isikiumize. Piga picha waya za mota, kisha uishushe mota. Paka grisi sehemu zote zinazong'aa.

Hatua ya 4: Kuinua

Mashine yangu ya pili niliishusha kwa vijana wanane, mabomba na mbao mbili, kwa kuokoa hela ya winchi. Ubao mmoja ulilia, ukapinda, na mguu wa mkiani ukagonga zege kutoka kimo cha shubiri moja tu. Nilisikia mlio kama wa sahani inayopasuka jikoni. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la bolti ukapanda juu. Kiwiliwili cha leithi ni chuma cha kumimina: hakipindi, hupasuka. Mpaka naiuza ilikuwa inatoa shafti nene upande mmoja. Na vijana wale, Mungu aliwanusuru miguu yao. Tangu siku hiyo sishushi leithi bila winchi.

Mkanda wa kunyanyulia upite chini ya kitanda, usiguse skrubu ndefu wala fimbo zilizo mbele yake. Usinyanyulie kwenye spindo, mhimili unaozungusha chaki. Uzito mwingi uko upande wa kichwa, kwa hiyo nyanyua kidole kimoja tu, tazama inainamia wapi, ishushe, sogeza kigari na mkia mpaka itulie, kisha uvikaze. Pembe ya mikanda nayo ina hesabu yake: ikisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila upande unabeba asilimia 58 ya uzito. Ikilala hadi nyuzi 30, kila upande unabeba uzito wote.

Hatua ya 5: Kufunga kwenye lori

Dereva mmoja aliniambia, "Fundi, tani moja na nusu hiyo itakwenda wapi? Uzito wake unaitosha." Nikamjibu, "Kaka, ukikanyaga breki ghafla pale Mkata, itakuja huko ulikokaa wewe." Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, pembeni na nyuma asilimia 50. Kwa leithi hii, ni kilo 1,200 mbele.

Ifunge kwa bolti juu ya mbao nene zilizo pana kuliko miguu yake, chini yake tandika mpira wa matairi chakavu, kwa sababu chuma juu ya bodi ya chuma huteleza. Pigilia kabari mbele. Mikanda minne ishike kitanda, ivutwe kuelekea kona nne. Dereva apange mzigo vizuri kati ya ekseli, maana mizani ya Vigwaza haiangalii uzito wa jumla tu. Simameni Kibaha mkaze upya, mikanda hulegea mwanzoni mwa safari. Kisha Chalinze, kisha Segera.

Hatua ya 6: Tanga

Upepo wetu wa bahari hauna subira na chuma kitupu. Grisi ibaki mpaka siku ya kuwasha, na turubai lisibane, jasho likikosa pa kutokea huleta kutu.

Isimamishe juu ya zege, pima maji kwa urefu na kwa upana. Kabla ya kufunga chaki, washa mota uone inazunguka upande gani. Fezi zikiwa zimepishana itazunguka kinyume, na kwenye leithi za zamani ambazo chaki hukazwa kwa kuizungusha kwenye uzi wa skrubu wa spindo, chaki inaweza kujifungua yenyewe na kuruka. Badilisha nafasi za waya mbili kati ya tatu, ujaribu tena.

Baada ya wiki mbili pima maji upya, kaza bolti za miguu, chonga shafti ileile ya milimita 40. Vipimo vikilingana na vile ulivyoandika siku ya kununua, pokea kazi ya mteja wa kwanza.