Laptopu ya Linux yenye sauti nyembamba: anza na draiva, kisha ipike sauti

Wengi wanaoniletea laptopu zilizowekwa Linux wana lalamiko moja: sauti imekuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya kopo. Mara nyingi spika ni nzima. Kwenye Windows, watengenezaji wengi huweka programu yao ya kuipika sauti kabla haijafika kwenye spika. Linux inakupa sauti mbichi. Tutaipika wenyewe, ila kwanza draiva (programu inayoendesha kadi ya sauti) iwe sawa.

Hatua ya 1: Ijue draiva

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

lspci -k | grep -A3 -i audio

Tazama mstari wa "Kernel driver in use". Ukiona snd_hda_intel, hiyo ni draiva ya siku nyingi na haina makuu. Jina likianza na sof-, laptopu inatumia Sound Open Firmware, nayo inahitaji faili zake za femwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe). Zikikosekana, mipangilio ya sauti huonyesha "Dummy Output" tu, na mtu hudhani kadi imekufa. Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt install firmware-sof-signed

Kwenye Fedora kifurushi kinaitwa alsa-sof-firmware. Zima laptopu, uiwashe tena.

Hatua ya 2: Zibua ALSA

ALSA ni sehemu ya Linux inayoongea na kadi ya sauti. Kwenye terminali, andika alsamixer. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu huona mlingoti mmoja tu wa sauti. Huo ni wa PipeWire (programu inayosambaza sauti kati ya programu zako na kadi), si wa kadi. Bonyeza F6 uchague kadi yenyewe, na sasa Master, Headphone na Speaker zitajitokeza. Penye MM pamezimwa. Bonyeza M mpaka pasomeke 00. Kama spika hazirudi hata ukichomoa hedifoni, weka Auto-Mute Mode kwenye Disabled. Hifadhi, kisha ujaribu kushoto na kulia:

sudo alsactl store
speaker-test -c 2 -t wav

Hatua ya 3: Spika zinatoa "tap" kila wimbo unapoanza?

Kadi inalala ili kuokoa betri. Kwa wenye snd_hda_intel, tengeneza faili /etc/modprobe.d/sauti.conf lenye mstari huu, kisha uwashe upya:

options snd_hda_intel power_save=0

Hatua ya 4: Pika sauti

Sakinisha EasyEffects, programu ya kurekebisha sauti (inahitaji PipeWire). Ongeza Bass Enhancer, Equalizer (hupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba) na Limiter, kwa mpangilio huohuo.

Kwenye Equalizer, kata kila kilicho chini ya hezi 100 hivi. Najua inashangaza kukata besi wakati unaitafuta, lakini spika ndogo haziwezi kuitoa besi hiyo; zinatikisika bure na kuchafua sauti ya mwimbaji. Bass Enhancer ndiyo itakayolidanganya sikio lihisi uzito. Sauti ikichoma, shusha desibeli 3 kati ya hezi 2,000 na 4,000. Limiter ibaki mwisho kabisa, izuie mikwaruzo. Na tafadhali usipandishe sauti ya mfumo kupita asilimia 100: ubora hauongezeki, na spika zinaweza kuumia.

Pima kwa wimbo unaoujua vizuri. Mimi hutumia taarabu yenye fidla nyingi, kwa sababu fidla huumbua ukali upesi.

Ukiridhika, hifadhi mpangilio kwa jina "spika", halafu uambie EasyEffects iupakie kwenye spika za laptopu peke yake. Hedifoni hazihitaji mapishi haya, zitasikika vibaya.