Kabla hujafungua kibao cha mashine

Kibao cha mashine ya mashua, kile kinachoibeba kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, kikianza kucheza, wengi wetu tunakimbilia dukani. Mwaka mmoja pale Mkokotoni, Unguja, nilirudi na kipya kinang'aa, na nilipofungua cha zamani nikakuta hakina kosa. Kosa lilikuwa kwenye ubao wa tezi nyuma yake: umeoza kuzunguka matundu ya bolti, bisibisi inaingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya wiki mbili, na fundi juu.

Basi anza na mbao. Gonga kwa mpini wa nyundo, sikiliza: nzima inalia, mbovu inanyamaza. Chokoa na upande wa ndani, chini ya bolti, ambako watu hawaangalii. Mvua inaozesha mbao kuliko bahari, kwa hiyo mashua iliyolala wazi masika yote uichokoe mara mbili.

Ubao ukiwa mzima, pima kimo cha mahali mashine itakapokaa. Pima chombo kikiwa kinaelea, na nanga, dumu la mafuta na watu mahali pao, si kikiwa kimepwelewa mchangani. Mashine za mguu mfupi zinafuata tezi ya kimo cha inchi 15, za mguu mrefu inchi 20. Lile bapa lililo juu ya propela lazima lizame, na kwenye chombo cha tanga lizame zaidi, kwa sababu wimbi likiinua tezi propela inakamata hewa: mashine inapiga kelele, chombo hakiendi. Pita Tumbatu kuelekea Nungwi wakati wa upepo wa kusi utaisikia mwenyewe.

Usukani wa mashua unaning'inia katikati, kwa hiyo kibao kinakaa kando. Ugeuze mpaka mwisho, kulia na kushoto, mashine ikiwa chini na ikiwa juu. Usukani na mashine vikigusana hata kwa ncha ya kidole, sogeza kibao sasa, kabla ya tundu la kwanza.

Bolti ziwe za stenlesi, zenye alama ya A4 kichwani. Niliwahi kuuziwa za kupakwa zinki kwa jina hilo hilo. Nenda na sumaku, ikinata kwa nguvu zirudishe. Ndani weka ubao wa mninga na washa pana chini ya nati ili zisizame kwenye mbao. Kama kibao ni cha alumini, tenganisha na bolti kwa washa za plastiki, maana stenlesi na alumini kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Kuziba, tumia Sikaflex, gundi ya kuziba, ile ya vyombo vya baharini. Silikoni ya bafuni iache bafuni.

Siku nayo ichague. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yanajaa sana mnamo saa kumi alasiri na kutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ukipandisha chombo kwa maji ya jioni bamvua likiwa kileleni, siku zinazofuata maji hayakifikii, na gundi inapata muda wa kukauka. Ila usiposhuka mapema utangoja bamvua lijalo, karibu wiki mbili, au utafute vijana wa kukusukumia, na vijana wa siku hizi hawasukumi bila chai.

Kabla ya kulegeza chochote, chomoa mpira wa petroli, na mashine uifunge kamba kwenye mlingoti. Muibebe watu wawili. Ukiilaza, kichwa kisiwe chini kuliko mguu, maji yaliyobaki yatateremkia kwenye silinda.

Kibao cha zamani usikitupe mpaka kipya kimeshika. Kama matundu yake yako sawa, kiweke juu ya kipya, tia alama ya penseli, ndipo ushike drili.