Unataka kuzika mabaki ya mgodi kwenye shimo lenye maji? Anzia hapa

Kwanza tuelewane, maji hayasafishi mabaki, kazi yake ni kuyanyima hewa tu. Magwangala (mawe taka ya mgodi) na marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) mengi yana pairaiti, zile chembe za njano zinazong'aa watu wanadhani dhahabu, zikipata oksijeni na unyevu zinatoa asidi ya salfa, na hiyo asidi ndo inachomoa zinki, shaba na arseniki kwenye jiwe. Ndani ya maji oksijeni inasambaa taratibu karibu mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo pairaiti inalala.

Ila uwahi. Vunja jiwe uangalie, kama linang'aa mpaka ukingoni bado bichi, zamisha. Kama lina ganda la rangi ya kutu au unga mweupe-njano kwenye nyufa, hilo limeshabeba asidi na chumvi za metali, ukilitupa majini zinayeyuka palepale na ziwa lote linachafuka. Saga kidogo, loweka kwenye maji yaliyochujwa madini, kesho yake pima pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi), ikiwa chini ya 5 usimwage, peleka maabara wakupigie hesabu ya chokaa ya kuchanganya, usikisie kabisa.

Na kuta za shimo zenyewe zina pairaiti! Kule Butte, Montana, Marekani, pampu za kutoa maji kwenye Berkeley Pit, shimo la mgodi wa shaba, zilizimwa 1982, maji yakapanda taratibu kwenye miamba iliyokwisha kuoza, na 1995 bata bukini zaidi ya 300 walitua humo wakafa. Ukiweza, jaza shimo maji haraka.

Sasa hesabu ya maji, hapa ndo naomba usiharakishe. Chukua mwaka wenye ukame mbaya kuliko yote, toa uvukizi kwenye mvua na maji yanayoingia, halafu uone kama bado inabaki mita moja au mbili za maji juu ya mabaki, na kama ziwa ni pana lenye upepo weka zaidi maana mawimbi yanatifua tope. Mabaki yakichungulia nje msimu mmoja tu, asidi inaanza upya. Chimba pia visima vya uangalizi kuzunguka shimo, ujue maji ya ardhini yanaelekea wapi, kama yanatoka kupitia nyufa kwenda kwenye visima vya watu basi shimo hilo liache.

Kumwaga, usimwage tope kutoka ukingoni. Shusha bomba mpaka karibu na sakafu. Baadaye chota sampuli juu, katikati na chini kabisa, maana juu panaweza kuwa safi huku chini kumeharibika.