Joto la ghafla la ukomo wa hedhi: jinsi ya kulitambua na kulipunguza

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kina mama wa Moshi na Arusha, hasa wenye umri wa miaka 45 hadi 55, ambao joto huwapanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, kisha likawaacha wamelowa jasho na pengine wakitetemeka kwa baridi. Hali hiyo hudumu dakika chache. Kiwango cha homoni ya estrojeni kinaposhuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, hivyo joto likiongezeka kidogo tu, mwili hujipoza kwa nguvu kana kwamba umeungua jua.

Hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa mwingine. Wengi ninaowahudumia nikiwa muuguzi huja wakiwa wamekwisha kumeza dawa mseto bila kupimwa, kwa sababu jasho la usiku linalofuatwa na baridi hufanana mno na malaria. Nunua kipimajoto cha kidijitali. Sikubaliani kabisa na kupima kwa kiganja, kwani ngozi huwa ya moto kweli wakati huo ilhali joto la ndani halibadiliki sana. Futa jasho la kwapani, pima, kisha rudia baada ya nusu saa. Kikionyesha nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Nenda ukapimwe malaria kabla ya kununua dawa yoyote. Kikionyesha chini ya hapo, bado usiridhike. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi pamoja na kukonda kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Moyo kwenda mbio muda wote na mikono kutetemeka huweza kutokana na tezi ya shingo, na anayetumia dawa za kisukari apime sukari jasho linapomtoka. Joto hili huweza kuanza hedhi ikiwa bado inakuja kwa kurukaruka, na ukomo huthibitishwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana, kwa hiyo hedhi ikikosekana, pima mkojo. Damu ikitoka tena baada ya miezi hiyo 12, hata kama ni matone, usisubiri, mwone daktari.

Hatua ya pili: andika. Daftari la shule linatosha. Gawa ukurasa kwa saa, ulichokuwa ukifanya, na ulichokula au kunywa. Mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni alikuwa na mistari iliyojirudia: saa 12:30 asubuhi, chai ya moto, saa 7 mchana, jiko la mkaa. Alianza kuiacha chai ipoe na kupikia nje, na joto likampungua. Kwa mwingine kichocheo kitakuwa pilipili, mbege, sigara au hasira, ndiyo maana sipendi kumpa mtu orodha ya makatazo kabla sijaliona daftari lake.

Hatua ya tatu: mavazi na kitanda. Vaa pamba. Katika baridi ya Juni na Julai, hasa Arusha, jifunike mablanketi mawili mepesi badala ya moja zito, ili uweze kuondoa moja tu.

Hatua ya nne: hospitali, iwapo usingizi au kazi vinaharibika. Tiba ya homoni ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini mwenye kizazi hapaswi kupewa estrojeni peke yake bila projesteroni ya kukilinda, na kwa kawaida haitolewi kwa aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa. Zipo pia dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini, ambazo daktari huziandika. Nenda na daftari lako pamoja na dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba, na uombe kupimwa shinikizo la damu kabla dawa yoyote haijaandikwa.