Kuomba na Kuchagua Masomo ya Uzamili ya Tiba ya Usemi na Lugha Nchini Kanada

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha humsaidia mtoto aliyechelewa kusema, mtu mzima aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, mgonjwa asiyeweza kumeza bila chakula kupenya kwenye njia ya hewa, mwenye kigugumizi, na mwalimu ambaye sauti yake imeharibika kwa kupaza darasani. Nchini Kanada kazi hii haifanywi kwa shahada ya kwanza peke yake. Majimbo yanayoisimamia hudai shahada ya uzamili, tofauti na Uganda, kwa mfano, ambako Chuo Kikuu cha Makerere huwaandaa wataalamu wa fani hii katika ngazi ya shahada ya kwanza. Kwa sababu hiyo kijana anayeitamani kazi hii, awe amekulia Edmonton au Hamilton katika familia iliyotoka Kongo au Burundi, au awe bado yuko Nairobi au Dar es Salaam, inampasa kuyapanga masomo yake ya kwanza akiwa tayari ameangalia yale ya pili yanadai nini. Wengi huanza kwa kuuliza chuo kipi ni bora. Kwa maoni yangu swali hilo lije mwisho, kwa kuwa yapo mambo mawili yatakayokuondolea nusu ya vyuo kabla hujajaza fomu hata moja: hadhi yako ya ukaazi, na masomo ya sharti uliyokwisha kuyasoma.

Anza na hadhi ya ukaazi. Nafasi katika programu hizi ni chache, kwa sababu kila mwanafunzi lazima apatiwe mahali pa mafunzo kwa vitendo chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, na wasimamizi hao hawatoshi. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya vyuo huwapokea raia na wakaazi wa kudumu peke yao, vingine hutenga nafasi moja au mbili kwa wanaotoka nje ya nchi, na vingine huwapa kipaumbele wakaazi wa jimbo lao. Usilipe ada ya maombi kabla ya kusoma ukurasa wa udahili wa programu yenyewe, maana ukurasa wa jumla wa chuo unaweza kusema kwamba wanafunzi wa kimataifa wanakaribishwa ilhali idara hii haiwachukui. Ikiwa maandishi hayaelezi waziwazi, iandikie ofisi ya udahili ya idara, taja hadhi yako kwa ukamilifu, na uhifadhi jibu lao.

Miongoni mwa programu zinazofundishwa kwa Kiingereza ni zile za Chuo Kikuu cha British Columbia kilichoko Vancouver, Chuo Kikuu cha Alberta kilichoko Edmonton, Western kilichoko katika mji wa London jimboni Ontario, McMaster kilichoko Hamilton, Chuo Kikuu cha Toronto, McGill kilichoko Montreal, na Dalhousie kilichoko Halifax. Zinazofundishwa kwa Kifaransa ziko Ottawa, katika Chuo Kikuu cha Laurentian mjini Sudbury, na katika vyuo vya Québec, yaani Montréal, Laval na Trois-Rivières. Msomaji aliyesoma Kinshasa, Goma au Bujumbura asizipite hizi za Kifaransa haraka. Aliyepata elimu yake yote kwa Kifaransa ataandika insha na kujibu maswali ya usaili kwa uhodari ambao pengine hana kwa Kiingereza, na jamii za wasemaji wa Kifaransa walio nje ya Québec huwahitaji sana wataalamu wanaoweza kuwahudumia kwa lugha yao. Afahamu tu kwamba katika Chuo Kikuu cha Montréal njia ya kawaida huanzia kwenye shahada ya kwanza ya fani hiyohiyo, hivyo mwenye shahada nyingine aulize mapema kama anaweza kuingia moja kwa moja kwenye uzamili.

Masomo ya sharti ndiyo yanayowakwamisha wengi, hata wenye alama nzuri. Kwa jumla vyuo hutaka uwe umesoma utangulizi wa isimu (elimu ya lugha), fonetiki (elimu ya sauti za usemi), ukuaji wa lugha ya mtoto, saikolojia ya ukuaji, takwimu, na somo la fiziolojia au anatomia ya mwili wa binadamu; vingine huongeza neurosayansi (elimu ya ubongo na neva), fonolojia (mfumo wa sauti za lugha) na sintaksia (muundo wa sentensi). Orodha hizi hazilingani. Chuo kimoja kinaweza kudai kozi kadhaa za isimu, kingine kikaridhika na moja, na kipo kitakachokataa kozi ya takwimu iliyosomwa miaka mingi iliyopita. Chora jedwali lako mwenyewe: vyuo viwe upande mmoja, masomo upande mwingine, na katika kila kisanduku andika jina na msimbo wa kozi yako inayojibu sharti hilo. Penye pengo, tafuta kozi hiyo kwa masafa katika chuo kinachotambuliwa, na uhakikishe idara unayoiomba imeikubali kwa maandishi kabla hujalipa karo. Mwenye shahada ya Kiswahili na isimu kutoka chuo cha Afrika Mashariki mara nyingi hugundua kwamba upande wa isimu amekamilika kuliko wenzake wa Kanada, na upungufu wake uko kwenye takwimu na fiziolojia. Asidharau alichonacho. Awasilishe muhtasari wa kila kozi, ulio na mada na saa za kufundishwa, ili mchambuzi wa maombi aone kwamba somo lililopewa jina la fonolojia ya Kiswahili lilifundisha pia misingi ya fonetiki.

Alama hutazamwa kwa makini sana, na programu nyingi huzipa uzito zaidi zile za miaka miwili ya mwisho ya shahada ya kwanza. Hili ni jambo la kumtia moyo aliyeyumba mwaka wa kwanza, pengine kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amefika nchini. Waliosoma nje ya Kanada na Marekani huombwa mara nyingi kupeleka transkripti zao, yaani hati za alama za chuo, kwenye shirika la kutathmini vyeti, na linalotajwa zaidi ni WES. Omba tathmini ya kozi moja moja, si ile fupi inayosema tu kwamba shahada yako ni sawa na ya Kanada, kwa sababu ile fupi haina alama zinazohitajika katika kukokotoa wastani. Chuo chako cha awali ndicho kinachopaswa kuzituma transkripti, na kila aliyewahi kufuatilia jambo katika ofisi ya msajili wa mitihani anajua muda unaoweza kupita. Anza miezi sita kabla ya tarehe ya mwisho.

Katika Ontario, maombi ya programu za Kiingereza hupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao ORPAS, ambao unahudumia pia fiziotherapia na tiba kazi. Tarehe yake ya mwisho huwa mwanzoni mwa Januari, kwa masomo yanayoanza Septemba. Vyuo vya majimbo mengine hupokea maombi moja kwa moja, kila kimoja kwa kalenda yake. Baadhi ya programu hudai pia jaribio la Casper, ambalo hufanywa kwenye kompyuta na humpa mwombaji visa vya kimaisha na muda mfupi wa kueleza angefanya nini na kwa nini. Halipimi ujuzi wa fani. Hupima namna unavyowafikiria watu wote walioguswa na tukio, na mazoezi yake mazuri ni kujibu visa vya namna hiyo huku saa ikienda, kisha kumwomba mtu makini asome majibu yako.

Uzoefu unaotakiwa si lazima uwe wa hospitali. Kujitolea katika chekechea, katika kituo cha wazee, katika chama cha watu waliopata kiharusi au katika shule yenye watoto wenye usonji kunatosha, mradi uwe umedumu na uweze kueleza ulichokiona. Ukipata nafasi ya kumfuata mtaalamu kazini hata kwa siku chache, ichukue, kwa sababu ndipo utakapoona sehemu za kazi zisizojulikana na wengi, hasa matatizo ya kumeza na wingi wa ripoti za kuandika. Barua za mapendekezo zitoke kwa mhadhiri aliyekufundisha na anayekumbuka kazi yako, na kwa msimamizi aliyekuona ukiwa na watu. Mpe kila mmoja wao maelezo ya programu na tarehe, pamoja na nakala ya kazi uliyomfanyia. Barua ya mkuu wa idara asiyekujua ina thamani ndogo kuliko ya mhadhiri msaidizi anayekujua.

Sasa tuje kwenye maelezo binafsi, mahali ambapo msemaji wa Kiswahili ana jambo la kusema ambalo waombaji wengi hawana, na ambapo mara nyingi hulisema vibaya. Kuandika kwamba unajua lugha tatu hakutoshi. Waoneshe unafahamu ni kwa nini ujuzi huo ni suala la tiba. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani anaweza kumrejelea dada yake kwa kiwakilishi cha kiume akiongea Kiingereza, kwa kuwa yeye na a- katika Kiswahili hazitofautishi mume na mke. Anaweza pia kuongeza irabu mwishoni mwa neno linaloishia kwa konsonanti, kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Hayo ni matokeo ya lugha moja kugusana na nyingine, wala si ugonjwa. Vilevile, kipimo kinachohesabu idadi ya maneno katika sentensi ya mtoto kitamwona mnyonge mtoto anayesema nitakupikia, ingawa neno hilo moja limebeba mtendaji, wakati, mtendewa na kauli ya kutendea. Tena jaribio sanifu la Kiingereza likitafsiriwa tu kwa Kiswahili, viwango vyake havina maana tena, kwa sababu vilipatikana kwa kuwapima watoto wa lugha nyingine. Hatari ipo pande zote mbili: mtoto mzima anaweza kuandikiwa tiba asiyoihitaji, na mtoto mwenye shida ya kweli akaachwa kwa kuambiwa kwamba Kiingereza bado kinamchanganya. Mwombaji anayeweza kuieleza hatari hii kwa mfano mmoja alioushuhudia, bila kutaja jina la mtoto, ameonesha kwamba anaanza kufikiri kama mtaalamu. Liseme hilo, kisha lihusishe na kitu mahususi kilichomo katika programu unayoomba.

Ukipata nafasi zaidi ya moja, ndipo swali la ubora linapokuwa na maana. Angalia kwanza mafunzo kwa vitendo: yanaanza muhula gani, yanafanyika mji gani, nani hulipia usafiri na malazi ukipelekwa mbali, na kama utapita kwa watoto na kwa watu wazima pia. Kigezo cha kitaifa kinachofahamika ni saa 350 za mafunzo hayo, kwa hiyo kila programu itakufikisha hapo. Tofauti iko katika aina ya wagonjwa utakaowaona. Namna ya kufundisha nayo ina uzito wake. McMaster hufundisha kwa vikundi vidogo vinavyochambua visa, jambo linalomfaa mtu anayejifunza kwa kujadiliana na linalomchosha anayependa mhadhara uliopangwa. Western ina kliniki ya usemi na kusikia chuoni, na Alberta ina ISTAR, taasisi ya tiba na utafiti wa kigugumizi. McGill hufundisha kwa Kiingereza, lakini anayetaka kubaki Québec baada ya kuhitimu lazima athibitishe ujuzi wa Kifaransa ili asajiliwe na taasisi ya taaluma ya jimbo hilo. Asiyekuwa tayari kwa hilo afahamu kwamba anasomea kazi atakayoifanya jimbo lingine. Kwa maoni yangu, mambo mengine yakiwa sawa, chagua jimbo unalotaka kufanya kazi, kwa sababu wasimamizi wa mafunzo ndio mara nyingi wanaokuwa waajiri wa kwanza.

Gharama zilinganishwe kwa ukamilifu, kodi ya nyumba ya Toronto na Vancouver ikiwemo. Anayekuja kutoka nje ya nchi ahesabu karo ya kimataifa, ambayo huwa kubwa zaidi, na aoneshe uwezo wa kujikimu. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 kiwango kwa mwombaji mmoja anayekwenda nje ya Québec ni dola za Kanada 22,895 kwa mwaka, mbali na karo na nauli. Québec ina taratibu zake na hudai pia cheti cha kukubaliwa na jimbo, CAQ. Omba kibali cha masomo mara upatapo barua ya kudahiliwa, na kwa kuwa mafunzo yako yatakukutanisha na wagonjwa, fanya uchunguzi wa kiafya kwa daktari aliyeidhinishwa na idara ya uhamiaji.

Ukishakubali nafasi, usisubiri Septemba. Idara itadai kumbukumbu za chanjo na cheti cha polisi kabla hujaruhusiwa kuingia hospitalini au shuleni, na aliyepata chanjo zake utotoni Kigoma au Mombasa huenda akalazimika kupimwa damu ili kuthibitisha kinga, au kuchanjwa upya kwa awamu zinazochukua miezi. Muone daktari au kliniki ya chuo katika wiki uliyothibitisha nafasi, na kama umeishi nchi nyingine katika miaka ya karibuni, agiza cheti cha tabia njema cha nchi hiyo siku hizohizo.